Likizo ya Mgomba

Jumatatu ya kwanza ya Februari, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Were alitoka kwenye lifti katika orofa ya nne ya jengo moja la Kilimani akiwa ameshika koti mkononi, akatafuta mahali pa kulitundika, akakosa.

Kwa miaka kumi na moja koti hilo lilikuwa na kazi yake. Were alikuwa karani wa madai katika kampuni ya bima, na kila asubuhi alikivisha kiti chake koti kabla ya kusalimia mtu. Baada ya hapo angeweza kuwa kwa kinyozi, au kwenye foleni ya benki, au hata kwenye matanga Bungoma, na yeyote aliyemuulizia aliambiwa, "Yuko. Koti lake lile pale." Hakuna aliyeona kwamba huo ni uongo. Nusu ya wafanyakazi walikuwa na koti la kuvaa na koti la kukaa ofisini, na kwa wengine lile la ofisini ndilo lililokuwa safi zaidi.

Lakini tangu Januari kampuni ilikuwa imeingia kazi ya mseto: siku tatu nyumbani, siku mbili ofisini, na hakuna mtu mwenye kiti chake. Watu hamsini na wawili walibakishiwa viti ishirini, tena vile virefu vya mviringo visivyo na mgongo. Nafasi iliyobaki ilijazwa mimea. Mtaalamu alikuwa ameletwa kueleza kwamba watu hawataki kurudi ofisini kwa sababu ofisi haina uhai, na kwamba dawa yake ni usanifu wa kupenda uhai. Alisema maneno hayo mara tisa katika saa moja. Wiki mbili baadaye mimea mia moja na arobaini ilipandishwa kwa lifti ya mizigo, kila mmoja na nambari yake. Ukuta mmoja ulifunikwa majani kutoka sakafuni hadi darini, na spika ndogo zikafungwa za kutoa sauti za ndege. Ndege wenyewe walikuwa nje, kwenye mti wa barabarani, ila dirisha lilikuwa halifunguki.

Were alizunguka na koti lake mpaka akafika mbele ya nambari kumi na mbili. Huo ulikuwa mgomba wa mapambo, wa ile aina isiyozaa ndizi, uliosimama kwenye chungu cheupe karibu na dirisha. Majani yake mawili makubwa yalitoka kushoto na kulia kwa kimo kimoja. Were aliuvisha koti. Lilikaa mabegani vizuri kuliko lilivyowahi kumkaa yeye. Akashuka kunywa chai na mandazi kwenye kibanda cha nje, kisha, kwa kuwa koti lilikuwa limeshafika kazini, akarudi kwake Kinoo.

Saa nne Namalwa alipofika nambari kumi na mbili na kopo lake la kumwagilia, mgomba ulikuwa umeshamaliza madai matatu. Ulitumia ncha ya jani changa, lile ambalo lilikuwa bado limejiviringa, kubonyeza herufi moja moja kwenye kompyuta ya ofisi iliyokuwa kando yake. Haukuwa na haraka, lakini pia haukusimama. Namalwa aliinua pindo la koti ili lisilowe, akamwaga lita moja na nusu kama orodha ilivyosema, akaenda nambari kumi na tatu.

Namalwa alikuwa amesafisha orofa hiyo kwa miaka miwili. Mimea ilipofika aliongezewa mimea kwa sababu ilijulikana kwamba mbele ya nyumba yake huko Waithaka ana kitalu cha miche, ndani ya mikebe ya rangi na madumu yaliyokatwa. Vyoo havikupunguzwa. Alijua kwa kugusa udongo kama mmea una kiu au unajidai. Mti mmoja wa mpira alikuwa ameuleta mwenyewe kutoka kwake, akauweka kando ya sinki la jikoni kwa kuwa pale palikuwa pabaya kutazama. Huo haukupewa nambari.

Naye hakuwa na nambari. Karatasi yake ilisema kibarua, miezi mitatu, na kila ilipoisha alipewa nyingine inayosema vivyo hivyo. Februari hiyo alikuwa na karatasi ya tisa na mimba ya miezi miwili. Mtu aliye kwenye orodha ya wafanyakazi akijifungua hupewa likizo ya miezi mitatu na kurudi akute kazi yake. Kibarua akijifungua hurudi akute mtu mwingine. Namalwa hakuwa amesoma hayo mahali, yalikuwa yamempata. Mtoto wake wa kwanza alimkosesha kazi ya hoteli akiwa na umri wa siku nne.

Aliyeshika orodha alikuwa Waringa, msimamizi wa wafanyakazi, mwanamke mpole aliyependa kusema mambo mazuri akiwa anaondoka.

"Juni kuna nafasi moja itafunguka," alimwambia Namalwa jikoni, akikoroga kahawa. "Moja tu. Na ni wewe tunafikiria. Wewe endelea tu hivyo."

"Asante, madam. Juni nitakuwa na miezi sita."

"Miezi sita ya nini?"

Namalwa aliangalia tumbo lake. Waringa naye akaliangalia, akasema hongera, akaacha kijiko kwenye sinki.

Namalwa akaendelea hivyo.

Mgomba nao uliendelea. Darini palikuwa na mashine ya kuhesabu nani yuko na nani hayuko, maana kampuni ilitaka kujua kama mimea inawavuta watu kurudi. Mashine iliona mabega, ikaona koti, ikaandika Were. Mwisho wa mwezi, wakati wengine walikuwa wamefika siku nane, na kwa shida, Were alikuwa amefika siku zote ishirini na nane, Jumapili zikiwemo. Picha yake ilibandikwa ukutani kama mfanyakazi wa mwezi. Ilikuwa picha nzuri, koti limefungwa vifungo viwili na jani moja limeinama kidogo kwa unyenyekevu.

Kwenye mikutano mgomba haukumkatiza mtu. Haukuuliza kama unasikika. Ulipoombwa maoni ulinyamaza kwa muda, na wenzake wakajikuta wakifikiria upya walichokuwa wamesema. Mkuu wa idara ya madai alisema hajawahi kuona Were akiwa ametulia namna hiyo na akauliza kama ameokoka.

Aprili, Were aliingiwa na wasiwasi akajiunga na mkutano mmoja kwa kompyuta kutoka Kinoo, kuku wake wakisikika nyuma. Waringa aliangalia kwenye skrini, kisha akaangalia dirishani. Alilifikiria jambo hilo siku nzima. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekosa kazi, kwa hivyo hapakuwa na kosa. Kilichokuwepo ni watu wawili na faili moja. Akafungua faili ya pili na, kwa kuwa hakujua jina, akaandika Mwenzake Were. Idara, madai. Anakotoka, dirishani.

Jumanne ya pili ya Juni alimwita Namalwa.

"Keti, Namalwa."

Hapakuwa na kiti ambacho mwanamke wa mimba ya miezi sita angeweza kukipanda, kwa hivyo Namalwa alisimama.

"Ile nafasi imeenda kwa Mwenzake Were," Waringa alisema. "Si mimi nimeamua. Ni mahudhurio. Huyo mtu hajawahi kosa hata siku moja."

"Madam, Mwenzake Were ni mgomba."

"Najua ni mgomba."

"Ni mimi namwagilia."

"Na ndio maana tunakuhitaji hapa. Sasa ukienda, nani atamwagilia?"

"Hata mimi sijawahi kosa."

Waringa aligeuza kompyuta Namalwa aione. "Angalia. Huonekani. Unajua shida yako? Wewe hukai. Mashine inataka mtu akae mahali, na wewe unatembeatembea tu siku yote."

Namalwa aliangalia. Tangu mashine ifungwe hakukuwa na alama yake hata moja, isipokuwa Ijumaa moja ya Machi aliyosimama kwa dakika ishirini, kizunguzungu kimemshika, mkono wake ukiwa juu ya mashine ya kahawa. Siku hiyo iliandikwa mgeni.

Jioni alimsimulia mumewe, Fidel, fundi wa mabomba, ambaye alikuwa akikata sukuma wiki mlangoni ili aone vizuri.

"Si uingie tu kwa chungu," Fidel alisema. "Nikushindilie udongo mpaka hapa magotini, nikusimamishe dirishani. Kila Jumamosi nakuja kukutia mbolea."

"Fidel."

"Hata koti nakupea. Lile la harusi."

"Mtoto atazaliwa Septemba, Fidel."

Fidel aliacha kukata. Alisema kwamba huyo Were ana mkono katika jambo hili, na kwamba mtu akienda kwake Kinoo aongee naye kama watu wazima, litaisha. Lakini Namalwa hakulazimika kwenda Kinoo. Julai ilifika na baridi yake, na Were akaja mwenyewe kutafuta koti.

Alimkuta Namalwa kwenye nambari kumi na mbili. Were alikuwa amejifunga shuka la Kimasai mabegani, na pua ilikuwa ikimchuruzika.

"Dada, niaje. Nimekuja tu kuchukua koti yangu. Kinoo asubuhi ni kama ndani ya friji."

"Chukua. Mimi sikukataza."

Were alishika kola. Mgomba haukumzuia, ila wala haukuinamisha majani, na vifungo vilikuwa vimekazwa na shina lililonenepa ndani ya koti. Waringa alipita na kahawa yake akamwambia taratibu kwamba hilo sasa ni vazi la mfanyakazi mwingine, na kwamba kampuni haivumilii watu kuvuana nguo.

"Ni yangu," Were alisema. "Nilinunua kwa harusi ya Wafula."

"Una risiti?"

Koti lilikuwa la mtumba. Were aliachilia kola.

"Were," Namalwa alisema Waringa alipokwisha kwenda, "waambie ni wewe uliuvisha. Waambie hiyo nafasi ilikuwa yangu. Ukisema wewe watasikia."

"Nikisema nimekaa nyumbani tangu Februari?" Were alijifunga shuka vizuri. "Dada, mimi nilitundika tu koti. Watu wote hutundika."

Hilo lilikuwa kweli, na Namalwa alichoka zaidi kwa sababu lilikuwa kweli.

Wiki hiyo hiyo, alipokuwa akitoa majani makavu, aliona kwenye chungu cha nambari kumi na mbili kitu cha kijani kilichochongoka kikisukuma udongo. Lilikuwa chipukizi. Kwa desturi ya kazi yake aliliripoti, na kwa desturi ya kazi yake Waringa aliitisha kikao.

Kikao kilichukua muda. Koti lilikuwa la kiume, na mwanamume akipata mtoto sheria humpa wiki mbili. Lakini chipukizi lilikuwa limetoka kwake mwenyewe, wala hakuna mwingine aliyetajwa. Wakili wa kampuni alishauri kwa simu kwamba ni afadhali kukosea kwa kutoa kingi kuliko kushtakiwa. Mwenzake Were akapewa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kuanzia tarehe mosi Agosti, na hata barua iliandikwa ya kumpongeza. Namalwa ndiye aliyetumwa kuifikisha. Aliisimika kwenye udongo kwa kijiti.

Ijumaa ya mwisho ya Julai ofisi ilimfanyia karamu, kama inavyofanyiwa kila mtu anayekaribia kujifungua. Watu waliotakiwa kuwa nyumbani walikuja, na kwa mara ya kwanza tangu Januari viti ishirini havikutosha. Kulikuwa na keki yenye maua ya sukari. Walichanga wakanunua chungu kidogo, blanketi ya manjano, na kofia ya sufu ambayo mama mmoja wa idara ya sheria aliifuma mwenyewe. Walilivisha chipukizi kofia hiyo na wakapiga makofi. Namalwa, mwenye mimba ya miezi saba, alishika sahani wakati keki inakatwa, kisha akafagia makombo.

"Na wewe pia uko karibu?" mama wa sheria alimuuliza.

"Septemba."

"Ai, kumbe. Bebea watoto keki."

Wakamfungia kipande kwenye karatasi. Pale chini mlinzi, Muli, alimsimamisha kama alivyowasimamisha vibarua wote saa kumi na moja jioni.

"Mama Maua, fungua mkoba." Akaangalia ndani. "Hii keki ni ya nani?"

"Ya mgomba."

"Umepewa au umechukua?"

"Nimepewa, Muli."

"Mimi nauliza tu. Ndio kazi." Alifungua karatasi, akahesabu kipande kimoja, akafunga.

Mwenye likizo hafai kukaa ofisini, hivyo Mwenzake Were alipelekwa kwenye paa, ambako kulikuwa na jua na hakuna kompyuta. Lifti ilikoma orofa ya nane. Kutoka hapo palikuwa na vidato thelathini na viwili vya chuma. Namalwa alivipanda kila siku na makopo mawili, moja la mzazi na moja la mtoto, akipumzika kwenye cha kumi na sita.

Siku moja katikati ya Agosti alikaa chini kando ya chungu, akanyoosha miguu iliyovimba. Mbele yake mabati ya Kawangware yalimetameta, na mbali kidogo ilionekana minazi ya plastiki ya hoteli fulani. Mgomba uligeuza jani moja polepole, likamfunika kichwa na mabega. Kilikuwa kivuli kizuri.

"Unajua hii nafasi ilikuwa yangu," Namalwa aliuambia.

Mgomba ulinyamaza, kama kwenye mikutano. Namalwa alingoja ajikute akifikiria upya alichosema. Hakufikiria upya. Aliinuka, akachukua makopo, akashuka.

Tumbo lilipoanza kushuka nalo, alirudi kwa Waringa mara ya mwisho. Hakuomba barua ya kuajiriwa tena. Aliomba miezi mitatu tu, hata miwili, na nafasi yake ya kibarua akirudi.

"Kibarua hana likizo, Namalwa. Si eti ni ubaya. Hakuna mahali pa kuiandika." Waringa alishika kalamu kumwonyesha kwamba kweli anatafuta mahali. "Ukienda tutaweka mtu siku hiyo hiyo, maana mimea haiwezi kungoja. Lakini tutakukumbuka sana."

Hiyo ilikuwa Alhamisi ya pili ya Septemba. Ijumaa, Namalwa alimwagilia yote mia moja na arobaini, akaosha vyoo, akapanda paa, akashuka. Uchungu ulikuwa umeanza saa sita. Saa kumi na nusu aliingia jikoni, akavua dastikoti lake la buluu la kazi, akauvisha ule mti wa mpira aliouleta kutoka nyumbani. Mti ulikuwa mwembamba na dastikoti liliupwaya. Alilikunja mikono mara mbili. Akaning'iniza kopo kwenye tawi la kulia na kutia orodha ya mimea mfukoni, ile iliyoeleza kila nambari na lita zake.

"Choo cha wanaume kwanza," aliuambia. "Wakifika ni ngumu."

Akatoka. Muli alipekua mkoba wake na kukuta leso mbili, wembe mpya na pamba. Alimfungulia geti bila kuuliza.

Mtoto alizaliwa usiku huo, msichana, akaitwa Ivyne. Jumatatu Namalwa hakwenda kazini. Simu haikulia. Jumanne haikulia. Fidel alisema labda wamepata mtu. Namalwa alikaa mlangoni pake Waithaka katikati ya mikebe ya rangi, akanyonyesha, akahesabu siku, na simu haikulia mpaka siku zikafika tisini.

Jumatatu ya katikati ya Desemba alirudi. Muli alikuwa getini.

"Mama Maua," Muli alisema, kisha akamwangalia tena. "Kwani wewe ulikuwa unaenda wapi?"

"Kujifungua."

"Na yule mwenye nilikuwa nasachi mifuko kila jioni?"

"Ulipata nini?"

"Udongo tu. Udongo na majani. Nikamwambia amwage hapo kwa maua, akamwaga." Muli alifikiria kidogo. "Hata usiku alikuwa analala hapo nje ya geti, amesimama. Kibarua haruhusiwi ndani baada ya saa kumi na moja. Nikaona ni maisha ya watu, nisiulize."

Orofa ya nne ilikuwa ya kijani kuliko alivyoiacha. Majani ya ukutani yalikuwa yamekosa nafasi darini yakaanza kurudi chini. Vyoo vilinukia sabuni. Waringa alimpita kwenye korido.

"Namalwa, hiyo bidii ya hii miezi mitatu, usiiache. Siku hizi hata hulalamiki." Akasimama. "Umekonda ama ni mimi?"

"Nilizaa, madam."

"Lini?"

"Septemba."

"Na hukukosa hata siku," Waringa alisema kwa heshima ya kweli. "Huyo ndiye mwanamke."

Mti wa mpira ulikuwa jikoni, kando ya sinki, ndani ya dastikoti. Ulikuwa umebakiwa na majani mawili, na udongo wake ulikuwa umepasuka kama sufuria ya ugali iliyosahaulika motoni. Kopo lilikuwa bado linaning'inia kwenye tawi la kulia, tawi lenyewe limechubuka gome. Orodha ilikuwa mfukoni, imelainika kwa kukunjwa. Namalwa aliisoma tena ingawa aliijua. Kila mmea ulikuwa na nambari na lita zake. Mti ulikuwa umemwagilia kila kilichoandikwa, siku tisini mfululizo, hatua tano kutoka kwenye bomba, na kwa kuwa wenyewe haukuandikwa mahali popote, haukujimwagilia.

Alijaza kopo akaumiminia lote. Udongo uliyanywa maji kwa sauti.

"Hiyo ni ya nambari gani?" Waringa aliuliza mlangoni.

"Haina, madam."

"Basi itoe. Inaharibu sura ya jikoni."

Namalwa alivaa dastikoti. Lilikuwa limekauka mgongoni na lilinukia majani. Jioni aliubeba mti hadi getini, na Muli akaupekua, akaingiza vidole viwili kwenye udongo, akawaruhusu wote wawili kutoka. Huko Waithaka Namalwa aliuweka kati ya mikebe. Ulitoa jani jipya kabla ya Krismasi. Fidel alianika nepi juu yake mara moja tu. Asubuhi yake zilikutwa zimekunjwa na kupangwa kwa ukubwa, na Namalwa akamkataza, akasema mti huo uko likizoni.

Siku ya mwisho ya Desemba karatasi yake ilikuwa imekwisha. Waringa alimpa nyingine ya miezi mitatu. Namalwa alipotia sahihi, Waringa aliiweka kando ya ile ya Oktoba, iliyotiwa sahihi kwa utomvu mweupe uliokauka ukawa kahawia, na akazilinganisha kwa muda.

"Sahihi yako ya Oktoba ilikuwa imetulia zaidi," alisema. "Lakini si neno."

Mwenzake Were alikuwa amerudi kazini tangu Novemba, amependeza, na madai yake hayakuchelewa. Kampuni ilikuwa imemfungulia chumba cha kunyonyesha. Sheria ilikitaka siku zote, ila zamani hapakuwa na mtu kwenye orodha wa kukihitaji. Chumba kilikuwa na pazia, friji ndogo, taa ya joto, sauti za ndege, na kiti laini chenye mgongo, cha pekee katika orofa nzima. Kwenye kiti hicho kiliwekwa chungu kidogo, blanketi ya manjano, na chipukizi lenye kofia ya sufu. Mlango ulifunguka kwa kadi. Namalwa hakuwa na kadi. Maziwa yalipomjaa, kila asubuhi saa nne, alijikamua kwenye sinki la choo cha wanawake, bomba likiwa wazi ili asisikike.

Lakini Jumanne na Ijumaa ilikuwa zamu ya chumba hicho kumwagiliwa, na Waringa alimfungulia kwa kadi yake, akazuia mlango kwa mguu huku akisoma simu. Ijumaa ya kwanza ya Januari Namalwa aliingia na kopo saa nne kamili. Maziwa yalimjia hapo hapo, yakalowesha dastikoti pande zote mbili. Aliangalia kiti. Kilikuwa na mtu. Akainua pindo la blanketi ili lisilowe, akamwaga nusu lita kama orodha ilivyosema.

"Umemaliza?" Waringa aliuliza.

"Nimemaliza, madam."

Juu ya mlango palikuwa na kibao kidogo cha mwanga cha kuonyesha waliomo ndani ni wangapi. Kilionyesha mmoja kabla Namalwa hajaingia, kikaonyesha mmoja alipokuwa ndani, na alipotoka bado kilionyesha mmoja.